Mwanamke wa Sari ya Kijani

Makadara, Nairobi
8 Mei 1977

Abaayo Qamar,

Salamu zangu nimezipandisha lori la shemeji Abdiqadir, juu ya magunia ya sukari, zikufikie huko Isiolo kabla hazijaloa. Mimi ni mzima. Waithera ni mzima pia, meno mawili ya mbele yameng'oka na anazungumza kama mzee wa baraza. Kazini bado nashona sare za shule, siku nzima kola, mpaka nikifumba macho naona kola.

Nakuandikia wewe uliyenifundisha neno abaayo, kwa sababu dada yangu wa damu, Teresiah, amenizidi ujanja. Wewe unajua barua zake za Mombasa zikifika kwenye sanduku la kanisa huwa naziandika "Amehama" na kuzirudisha bila kuzifungua. Nimefanya hivyo miaka sita. Safari hii ameleta kadi. Kadi haina bahasha, abaayo, nilikuwa nimeshaisoma kabla sijajua kwamba naisoma. Anasema: "Nakuja Jumamosi tarehe sita Agosti kumwona mtoto wangu. Kama hutaki, uniambie mlangoni."

Mtoto wangu, anasema. Waithera alikuwa na miezi tisa alipomwacha mikononi mwangu akamfuata yule dereva wa malori, na viatu vipya miguuni. Mimi ndiye niliyemlea. Mimi ndiye anayemwita mama.

Nilipomaliza kuisoma nilikaa kitandani, na treni ikapita hapa stesheni ya Makadara, na mara moja nikawa niko kule Eastleigh, ile Jumatano ya wanawake pekee. Unakumbuka? Mama yako Batulo hakukuruhusu sinema nyingine ila hiyo, na mimi nilijitanda shashi ya shangazi yako ili nipite kama mtoto wa nyumbani. Saa nane mchana, nje jua kali, ndani giza lenye harufu ya mafuta ya nazi na bisi. Ule mwanga ulipita juu ya vichwa vyetu na vumbi likielea ndani yake taratibu, nami nilikuwa nikilitazama vumbi hilo mpaka nikasahau nina miguu.

Kihindi hatukujua hata neno. Lakini ile sinema ya dada wawili tuliitazama mara kumi na moja. Yule mwanamke wa sari ya kijani anampa mdogo wake mtoto pale stesheni, anapanda treni anacheka, shada la maua shingoni. Miaka inapita, nywele za mdogo wake zinaingia mvi akilea. Kisha yule wa kijani anarudi na dhahabu mpaka puani. Mdogo mtu, katika sari yake nyeupe, anamtazama, halafu anafunga mlango polepole. Mvua, kengele, mwisho. Ukumbi mzima tulipiga makofi. Tulirudi nyumbani kila mmoja akitembea kama amevaa nyeupe.

Mtu hafundishwi na mwalimu peke yake. Mimi nilifundishwa na mlango ule. Kwa hiyo tarehe sita Agosti najua la kufanya.

Wako,
Njoki


Isiolo
22 Mei 1977

Abaayo Njoki,

Barua yako ilifika na dereva akiila kwa macho, maana ilikuwa imefunguka pembeni. Alhamdulillahi sisi ni wazima. Joto tu, na mbuzi wa jirani ambao wameamua duka letu ni lao.

Nimesoma habari za Teresiah mara mbili. Sitakuambia ufanye nini, nyumba ni yako na jasho ni lako. Nataka kukuuliza jambo moja tu. Una hakika tuliielewa ile sinema? Tulikuwa watoto, tunafuata machozi ya wale mama wa Kihindi waliokaa mbele yetu. Wakilia tunalia, wakicheka tunacheka. Labda walikuwa wakilia kwa jambo jingine.

Nakuuliza kwa sababu kuna mtu anakuja hapa na mashine ya sinema, anazunguka miji. Abdiqadir amemkodishia ghala la mahindi. Ameniambia ana sinema za zamani, na alipoanza kunisimulia moja yenye stesheni na dada wawili, nilikalia gunia. Nadhani ni ile.

Mke wa mwenye duka la vitambaa anajua Kihindi, ndicho alichokulia. Nitamwomba akae karibu nami.

Wako wa tangu zamani,
Qamar


Makadara
5 Juni 1977

Qamar,

Unanichekesha. Sinema tuliitazama mara kumi na moja, leo unaniuliza kama tuliielewa. Mlango ukifungwa, umefungwa kwa lugha zote.

Nitakuambia kitu ambacho sijawahi kukiandika. Mama alipofariki mwaka wa sabini na nne, mchungaji aliniuliza kama nimempelekea Teresiah telegramu. Nilisema ndiyo. Sikupeleka. Nilisimama posta, fomu mkononi, kalamu yao imefungwa kwa kamba, na nikamwona yule mdogo mtu wa sari nyeupe, shingo yake imesimama wima. Nikaona kwamba yeye hangepeleka. Nikairudisha fomu nikaenda zangu nyumbani, na njiani nilijisikia mrefu.

Mama aliniuliza habari za Teresiah siku zake za mwisho. Nilimwambia alale.

Basi nenda ghalani ukatazame. Utanieleza kama rangi zake bado zinang'aa.

Njoki


Isiolo
26 Juni 1977

Abaayo Njoki,

Nimeiona. Ndiyo ile.

Waliziba madirisha ya ghala kwa magunia, na kila gunia lina matundu, kwa hiyo saa tisa alasiri tulikaa katika giza lenye nyota. Watu walikalia mahindi. Raho, binti yangu, alilala mapajani mwangu kabla ya wimbo wa kwanza. Rangi zimefifia. Ile kijani sasa inakaribia kuwa kama ya maji ya mto. Lakini alipotokea pale stesheni moyo wangu ulishtuka kama zamani.

Mama wa duka la vitambaa alikaa kulia kwangu akininong'onezea. Njoki, kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Yule mwanamke hakuwa akikimbilia raha. Alikuwa mgonjwa wa kifua, ule ugonjwa unaoambukiza. Treni ile ilikuwa ikimpeleka mlimani, kwenye hospitali ya wagonjwa kama yeye. Alicheka ili mtoto asiukumbuke uso wake ukilia, ndivyo wimbo unavyosema. Na dhahabu aliyorudi nayo ilikuwa ya kumwachia mtoto. Mdogo wake alipofunga mlango alikuwa amekosea, na wale mama wa mbele yetu walikuwa wakilia kwa ajili ya yule aliyebaki nje.

Nilitoka ghalani na jua likanipiga machoni, nikasimama pale, Raho begani, sijui niende upande gani.

Fikiri tu, abaayo. Sisemi zaidi.

Qamar


Makadara
17 Julai 1977

Qamar,

Nilikasirika nawe wiki mbili. Niliona umeingia nyumbani kwangu ukageuza fanicha nikiwa kazini. Mtu anakaa na sinema moyoni miaka kumi na moja, halafu unamwambia ameikalia visivyo.

Lakini imeniingia. Siku hizi naketi kwenye cherehani na kola zinapita, na ninamwona yule mwanamke upya. Namwona anapanda treni, na nyuma ya kile kicheko naona kifua kinavyopanda na kushuka. Juzi nilimshonea mtoto wa watu shati lenye mikono miwili ya kushoto, msimamizi akaniuliza kama nimelala. Karibu nimwambie ndiyo.

Nimeanza kujiuliza habari za Teresiah. Alikuwa akikohoa mwaka ule? Nakumbuka alikonda. Nakumbuka usiku mmoja alikaa mlangoni amembeba mtoto, hakuniambia kitu, nami nilijifanya nimelala. Labda kulikuwa na jambo. Labda yule dereva alikuwa wa kumpeleka tu mahali. Barua zote zile nilizorudisha, labda jambo lenyewe lilikuwa limeandikwa humo.

Nimeagiza kilo ya nyama ya Jumamosi ile. Waithera nimemwambia anti yake anakuja. Ameuliza, "Anti gani, ule wa kwenye kadi?" Kumbe naye aliisoma.

Naogopa, abaayo. Lakini mlango nitaufungua.

Njoki


Makadara
8 Agosti 1977

Abaayo wangu,

Amekuja. Nakuandikia leo Jumatatu, nimeomba ruhusa kazini.

Hakuwa na dhahabu. Alikuwa na mfuko mmoja wa turubai na kandambili. Nilipofungua tulitazamana, na nikamwona kwa macho ya ile sinema yako, nikasema, "Ingia." Neno hilo moja tu. Aliingia kama mtu anayeingia kanisani akiwa amechelewa.

Alikula sahani mbili. Bado anacheka kwa sauti kubwa mpaka jirani yangu Khavere alichungulia. Waithera alimzunguka kama anayekagua ng'ombe, kisha akamwonyesha pengo la meno. Teresiah alilitazama pengo lile muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Halafu akafungua mfuko akatoa leso. Nyekundu, mpya, bado ina gundi. Akasema, "Hii ni ya Mama. Yuko wapi, sokoni?"

Qamar, hakujua. Niliwezaje kusahau kwamba hakujua? Nilimwambia pale pale, maana sikuwa na namna nyingine. Nilisema miaka mitatu. Hakulia. Aliikunja leso, akaikunjua, akaikunja tena, akaniuliza amezikwa upande gani. Sikumwambia habari za telegramu. Nilimwambia tu kwamba barua hazikuwa zikifika, naye akasema anajua, zilikuwa zikimrudia.

Usingizi wake ni mzito kama wa mtoto. Simsikii akikohoa. Huenda alishapona. Sijamuuliza, nangoja aseme mwenyewe. Nimempa kitanda changu, na nikimtazama amelala namshukuru yule mwanamke wa kijani, na wewe pia. Bila nyinyi wawili ningemfungia nje mtu mgonjwa.

Njoki


Isiolo
14 Agosti 1977

Njoki,

Ramadhani inaingia wiki hii na siwezi kufunga na jambo hili kifuani. Barua yako ilinitia furaha mpaka nilipofika mwisho, pale uliponishukuru. Hapo chakula kilinishinda.

Nilikudanganya.

Ghala ni kweli, magunia ni kweli, mama wa duka la vitambaa ni kweli. Sinema ni ile ile. Lakini alichoninong'onezea sicho nilichokuandikia. Nilimuuliza, yule wa kijani anaimba nini? Akasema, anaimba kwamba dunia ni pana na yeye bado kijana. Nikauliza, si mgonjwa? Akacheka, akasema mgonjwa wa nini, huyo ni mwanamke wa anasa tu, amefuata bwana. Mdogo wake ndiye mwema. Tuliielewa vizuri tangu mwanzo, abaayo. Hakuna kilichotupita. Huo ugonjwa wa kifua niliutunga mimi, nikiwa nimeketi kwenye duka langu, mbuzi wakila kona ya kitabu cha stakabadhi.

Na kuna lingine. Teresiah ananiandikia tangu mwaka jana, kupitia duka la baba Eastleigh. Zile barua zilipomrudia alinitafuta mimi. Ameniambia yote. Hakuwa mgonjwa. Alimpenda yule dereva, na baada ya miezi mitano akaachwa Mombasa, akaona haya kurudi. Anafua mashuka ya hoteli. Ndiyo habari yote. Haina wimbo. Nilijua Mama yenu amefariki nikashindwa kumwandikia, maana nilidhani ni lako la kusema, na hilo nalo ni kosa langu.

Nilijua nikikuomba umhurumie hutanisikia. Wewe hukuwa ukisikia mtu, ulikuwa ukiisikia sinema. Basi nikaona nikusemeshe kwa mdomo wake.

Hata mimi mlango ule ulinifundisha. Hapa nyumbani nilimfukuza kijakazi kwa kosa dogo, nikasimama mlangoni shingo wima, na Raho akapiga makofi. Ana miaka mitano, hakuwa amewahi kuniona nikifanya jambo hilo. Lakini amekaa ghalani nami sinema tatu sasa. Nilipoyasikia makofi yale nilitamani ardhi inimeze.

Ukitaka kunichukia, nichukie. Yeye usimfukuze kwa sababu yangu.

Qamar


Makadara
21 Agosti 1977

Qamar,

Barua yako niliisomea kwenye ngazi, Ijumaa, nimetoka kazini mapema. Nilikukasirikia na bado nimekukasirikia. Uongo wako ni mzuri sana, ndiyo maana unauma. Wiki tano nilimhurumia mwanamke ambaye hayupo.

Teresiah alikuwa amekwenda sokoni na Waithera. Niliingia, nikachukua mfuko wake wa turubai, nikauweka nje ya mlango. Leso ya Mama nikaiweka juu yake. Nikafunga. Sikupiga kelele, sikulia. Nilifunga polepole, kama nilivyojua kufunga tangu nina miaka kumi na sita, na mgongo wangu ukanyooka wenyewe.

Nikangoja.

Nitakuambia kitu ambacho hatukukiona mara zote kumi na moja. Kwenye sinema mlango ukifungwa, taa zinawaka, watu wanatafuta viatu vyao wanakwenda kwao. Hapa taa hazikuwaka. Nilisimama upande wa ndani na hakikutokea kitu. Jiko lilikuwa linahitaji makaa. Kwa Khavere redio ilikuwa ikitangaza vifo. Nilisikiliza majina ya watu nisiowajua, na jamaa zao wote wakitajwa mmoja mmoja, kaka wa fulani, dada wa fulani, popote walipo wapate habari. Popote walipo, Qamar. Mimi dada yangu nilijua alipo, na sikumpa habari.

Yule wa sari nyeupe hakuwa na kosa hata moja. Waliomtengeneza walihakikisha. Mimi ninalo, na nilikuwa nimevaa sari yake miaka yote hii nikidhani ni yangu.

Nikawasikia wakipanda ngazi. Waithera ndiye aliyefika mbele. Akasema, "Mathe, mbona bag ya anti iko nje?" Teresiah alikuwa nyuma yake, vitunguu mkononi. Aliutazama mfuko, akanitazama mimi nilipofungua, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha kujibiwa. Akaanza kuinama auchukue.

Nikasema, "Nilikuwa nafagia."

Waithera akachungulia ndani akasema hakujafagiwa. Huyo mtoto hafichwi kitu. Nikasema ndiyo nilikuwa naanza. Nikachukua ufagio nikafagia kweli, kutoka dirishani, nikavuta meza, nikavuta sanduku la nguo, vumbi likapanda katika jua la jioni nasi tukakohoa wote watatu. Nilipokuwa nafagia nilimwambia habari za telegramu. Fomu, kalamu yenye kamba, yote. Sikumtazama, nilitazama sakafu. Nikamaliza. Nilidhani ametoka.

Hakutoka. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Nilipofika hapo na ufagio, aliinua miguu nipitishe.

Njoki